Paa Kwanza, Mng'ao Baadaye

Gari la makazi huanza kuharibika juu, mahali ambapo macho ya mwenyewe hayafiki. Nazungumzia yale magari makubwa yenye vitanda, jiko na choo ndani yake, ambayo kampuni ya Winnebago, katika mji wa Forest City jimboni Iowa, ilianza kuyatoa kiwandani mwaka 1966, na ambayo leo kitovu cha utengenezaji wake nchini Marekani ni eneo la Elkhart, Indiana. Si mali ndogo. Wastaafu wengi hutia humo sehemu kubwa ya akiba yao, na wengine huuza nyumba kabisa wakahamia ndani. Ndiyo maana inauma kuona fedha na jasho la kuyatunza vikiishia ubavuni, penye kuonekana na jirani, huku paa likiachwa kwa mvua na jua. Kulinda uso wa nje wa gari hili ni kazi ya kuzuia jua na maji. Mng'ao hufuata kazi hiyo ikifanywa vizuri, lakini peke yake haulindi kitu.

Tuanze na uso wenyewe. Ubavu wa magari mengi ya aina hii ni bamba jembamba la faiba lililogandishwa kwa gundi juu ya plaiwudi, na nyuma yake kuna sponji ngumu ya kuzuia joto na baridi. Faiba hiyo hufunikwa na jelkoti, yaani utomvu wa poliesta uliotiwa rangi, wenye unene usiofika milimita 1. Magari ya bei ya juu hupuliziwa rangi kamili kama gari dogo, kisha juu yake tabaka angavu lisilo na rangi. Tabaka hilo lina unene wa mikroni 50 hivi. Unywele wa mtu kwa kawaida ni mnene kuliko hapo. Mionzi ya urujuanimno ya jua hukata minyororo ya molekuli inayoushikilia utomvu, oksijeni ikapenya palipokatika, na uso ukaanza kumomonyoka. Pitisha kiganja kwenye ubavu wa gari jeupe lililokaa juani miaka mingi, nacho kitatoka na unga. Unga huo ni rangi yenyewe, iliyobaki bila cha kuishikilia.

Wanaodhani jua halina nguvu kiasi hicho wawatazame watengenezaji wa rangi. Kwa miongo mingi wamekuwa wakipeleka vibao vya majaribio kusini mwa Florida na katika jangwa la Arizona, wakaviacha nje miezi na miaka ili waone rangi ipi itastahimili. Florida ilichaguliwa kwa jua linaloambatana na unyevu mwingi, Arizona kwa jua kali na joto kavu. Na ni majimbo hayohayo wanakokimbilia wastaafu wa kaskazini kukwepa baridi. Gari linaloegeshwa Quartzsite, Arizona, tangu Novemba hadi Machi linapitia mtihani uleule wa vile vibao. Tofauti ni kwamba kibao kikiharibika hakuna anayepoteza akiba yake.

Hapa ndipo watu wengi huingia hasara kwa kutotofautisha polishi na nta. Polishi ina chembe laini zinazosugua. Huondoa tabaka lililokufa na kuufunua uso mpya chini yake. Nta haiondoi kitu. Hukaa juu ili jua, uchafu na kinyesi cha ndege vishughulike nayo kwanza kabla ya kuifikia rangi. Ile maarufu ya kanauba hutoka kwenye majani ya mti wa jamii ya mnazi unaoota kaskazini mashariki mwa Brazili, na chini ya jua kali haidumu zaidi ya miezi michache. Za kutengenezwa viwandani hudumu zaidi. Atatokea wa kuuliza: kama polishi hulirudisha gari langu upya kila mwaka, ubaya uko wapi? Ubaya ni kwamba upya huo umekatwa kutoka kwenye akiba isiyoongezeka. Jelkoti huvumilia kusuguliwa mara kadhaa. Lile tabaka angavu la mikroni 50 halina uvumilivu huo, na likishaanza kubanduka hakuna nta wala polishi itakayolirudisha. Linalobaki ni msasa na kupuliza rangi upya, kwenye gari ambalo urefu wake unaweza kuzidi mita 10. Basi polishi ipigwe pale tu uso umefifia, na siku hiyohiyo ipakwe nta, kwa sababu uso uliotoka kusuguliwa uko uchi.

Siku hizi kuna mipako ya seramiki, inayotokana na silika, ambayo hugandamana na rangi ikadumu miaka badala ya miezi. Faida yake ni ya kweli: maji huteleza, wadudu waliogongwa barabarani hutoka kwa urahisi, na kuosha kunakuwa kwepesi. Mwenye uwezo asizuiwe. Ila mpako huo hauzuii jiwe linalorushwa na gari la mbele, na ukipakwa juu ya uso uliokwisha kufifia utahifadhi ubovu uleule. Kubwa zaidi, haugusi maungio. Mtu anayelipia seramiki bila kupanda juu ya paa amenunua kinga ya kile ambacho kingeharibika polepole, akaacha wazi kile kinachoharibika kwa kasi.

Na kinachoharibika kwa kasi ni kile kinachofikiwa na maji. Jua huchakaza sura. Maji hula mwili. Paa la gari la makazi huwa la faiba au la utandiko wa mpira, na kila kifaa kilichofungwa pale kimetoboa tundu lake: feni, kiyoyozi, antena, bomba la kupumulia choo, ngazi, paneli za sola. Kila tundu limezungushiwa gundi ya kuzibia. Mchana gundi hiyo inapikwa na jua, usiku inasinyaa kwa baridi, na gari likitembea bodi nzima inajinyonga na kutikisika. Haipiti miaka mingi kabla ufa haujatokea, pengine mwembamba kama uzi. Maji hupita hapo, hushuka ndani ya ukuta na kukaa kwenye mbao ambako hakuna upepo wa kuzikausha. Plaiwudi inaoza, gundi inaachia, na ubavu wa faiba unatuna malengelenge. Siku malengelenge yanapoonekana, uharibifu umekwisha kuwamo ukutani muda mrefu, na tiba yake ni kuufumua ukuta. Ndiyo sababu vitabu vya maelekezo vya watengenezaji husisitiza paa likaguliwe mara kwa mara kila mwaka. Kukagua ni kupanda na kutazama kila tundu, kubonyeza gundi kwa kidole, na kuondoa iliyokauka kabla ya kuweka mpya inayoendana na paa husika. Paa la mpira, kwa mfano, halitaki dawa za kusafishia zinazotokana na petroli, maana hulifanya livimbe. Silikoni nayo ina tabia ya kukataa kushikwa na kitu kingine juu yake, hivyo anayeipaka leo kwa haraka humwachia fundi wa kesho taabu.

Hata ile michirizi myeusi inayowakera wenye magari ni habari ya paa. Mvua huzoa vumbi na mabaki ya gundi iliyochakaa juu, ikavishusha ubavuni. Wengi hupambana nayo kwa dawa kali zinazokula nta, wakairudia kazi hiyo mvua inayofuata. Ukiosha paa, michirizi inapungua.

Wapo wanaojifariji kwamba gari lao halitembei, hivyo halichakai. Kwa uso wa nje mambo ni kinyume. Gari lililosimama linapigwa na jua upande uleule kila siku, na tundu linalovuja halina wa kuligundua. Banda lenye paa hushinda chupa yoyote ya dukani. Asiye na banda atumie kifuniko cha kitambaa kinachopumua, kilichokazwa vizuri. Turubai la plastiki hufungia unyevu ndani, na likipepea kwa upepo linasugua rangi usiku kucha.

Afrika Mashariki magari haya ni machache, lakini jelkoti tunayo tele, kwenye boti za faiba za Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam. Pwani yetu ina jua na unyevu vinavyokaribiana na vile vilivyoifanya Florida kuwa uwanja wa majaribio, tena na chumvi juu yake, nayo chumvi ikikauka huendelea kuvuta unyevu hadi ioshwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Bara nako hakuna nafuu: mionzi ya urujuanimno huongezeka kwa asilimia 10 hivi kwa kila mita 1,000 za mwinuko, na Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Na katika kuosha, maji yakiwa ya kununua, ndoo mbili zinatosha kwa gari dogo, moja ya sabuni na nyingine ya kusuuzia kitambaa, kuanzia juu kwenda chini, na sabuni iwe ya magari kwa kuwa ya vyombo huondoa nta. Magari ya watalii ya Arusha na Nairobi, yenye paa la kufunguka, yana mpira na gundi vinavyochoka kama vya Quartzsite. Wakati wa kupanda ngazi kuvikagua ni Februari, masika yasijakaribia, kwa sababu gundi nyingi za kuzibia hazishiki juu ya uso uliolowa.