Ngazi za Ustadi katika Michezo ya Kompyuta

Mchezo wowote unaodumu hauna budi kumpa mchezaji njia ya kupanda kutoka uanagenzi hadi umahiri. Usukumani, ambako kata ya Nkoma imo, mchezo wa mashimo na kete huitwa isolo. Kisiwani Unguja anayeanza hufunzwa bao la kujifunza, ambamo kete zote 64 hupangwa mbili mbili katika mashimo 32. Akikomaa huingia bao la Kiswahili: kila mchezaji huanza na kete 22 mkononi, tena hulazimika kuilinda nyumba na kupita hatua mbili, namua na mtaji. Katika michezo hiyo ustadi hukaa kichwani mwa mchezaji.

Michezo ya uhusika inayochezwa kwa mtandao wa kompyuta ina ustadi wa aina ya pili. Mchezaji humwongoza mhusika wa kubuni, na ustadi wa mhusika huyo ni tarakimu iliyohifadhiwa katika kompyuta. Utaratibu huu ulienea kutokana na Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani uliotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Mwaka 1978 Roy Trubshaw, na baadaye Richard Bartle, walianza kuunda MUD katika Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza. Humo watu wengi waliweza kucheza pamoja na kupanda vyeo kwa kukusanya alama.

Hesabu ya ngazi

Swali la kwanza la mbunifu ni hili: kila ngazi igharimu alama ngapi? Gharama ikiwa ile ile, mchezaji atafika kileleni upesi. Kwa hiyo wabunifu wengi hutumia mfululizo ambao gharama yake huongezeka kwa uwiano.

Mfano mzuri ni RuneScape, mchezo ulioanza mwaka 2001. Kutoka ngazi ya 1 hadi ya 2 huhitajika alama 83. Kufika ngazi ya 99, iliyokuwa kilele kwa miaka mingi, huhitajika alama 13,034,431. Gharama hukaribia kuwa maradufu kila baada ya ngazi 7. Matokeo yake hushangaza: mchezaji aliyefika ngazi ya 92 ana alama 6,517,253 tu, yaani nusu ya safari.

Malipo ya kazi nayo huongezeka, lakini si kwa kasi hiyo. Katika ukataji miti, gogo la mti wa kawaida hutoa alama 25, na gogo la mti wa thamani unaoruhusiwa tangu ngazi ya 75 hutoa 250. Basi ngazi ya kwanza hupatikana kwa magogo 4. Hatua ya mwisho, kutoka 98 hadi 99, huhitaji alama 1,228,825, yaani magogo 4,916 ya mti huo wa thamani. Malipo yamezidishwa mara 10, ilhali gharama imezidishwa zaidi ya mara 14,000.

Kukua kwa kutenda

Ultima Online, mchezo wa mwaka 1997, ulifuata njia nyingine. Humo kila stadi ilikua kwa kutumiwa, lakini jumla ya stadi zote haikuruhusiwa kuzidi 700, na stadi moja ilifikia 100. Mchezaji alilazimika kuchagua, na hivyo mhunzi alimhitaji mganga. Hata hivyo, palipo na malipo ya kurudiarudia tendo, watu hubuni njia ya kuirudishia mashine kazi hiyo. Wachezaji wengi waliziachia programu zifanye mazoezi badala yao.

Hapa ndipo uzito wa jambo ulipo. Mbunifu aweza kurefusha ngazi ili kumpa mchezaji nafasi ya kujifunza, au ili kumshikilia tu, na hata kumuuzia njia ya mkato. Kwa mwanafunzi wa Nkoma anayelipia kifurushi cha intaneti, tofauti hiyo ni fedha na saa za masomo. Kipimo chake ni rahisi: tarakimu zote zikifutwa, mchezaji abaki na nini? Mcheza isolo aliyenyang'anywa ubao huchimba mashimo mengine ardhini, akaendelea pale pale alipokuwa. Mchezo wa kompyuta uliobuniwa vyema humwachia mchezaji wake vivyo hivyo uamuzi bora, mpango na maarifa. Uliobuniwa vibaya humwachia kidole kilichochoka.