KARATASI YA PRINTA ZA OFISI: NAMNA YA KUICHAGUA NA KUIPAKIA

Watumishi wa umma na wananchi wanaarifiwa kwamba kukwama kwa karatasi katika printa mara nyingi hakutokani na ubovu wa mashine, bali na karatasi isiyofaa au iliyopakiwa vibaya.

Tuchukue mfano wa kata ya Endabash, wilayani Karatu, katika nyanda za juu za Mkoa wa Arusha. Mwananchi anayefuata barua ya utambulisho katika ofisi kama ile huenda ameacha shamba lake la mahindi na mbaazi tangu alfajiri. Ikiwa printa ni moja tu, nayo imekwama, siku yake imepotea na haki yake imecheleweshwa.

Kuchagua karatasi

Karatasi ya kawaida ya ofisi ni A4, yenye milimita 210 kwa 297. Kipimo hiki kilianzia Ujerumani mwaka 1922, na mwaka 1975 kikawa cha kimataifa. Marekani hutumia karatasi iitwayo Letter, yenye milimita 216 kwa 279. Kompyuta ikiwa imepangwa kwa Letter ilhali treini mna A4, printa huweza kusimama ikidai karatasi na karatasi ipo. Hapo hahitajiki fundi. Ni kubadilisha kipimo katika kompyuta tu.

Uzito unaofaa kwa kazi za kila siku ni gramu 80 kwa mita ya mraba. Karatasi 16 za A4 hufanya takriban mita moja ya mraba. Hivyo karatasi moja huwa na gramu 5, na rimu ya karatasi 500 huwa na kilo 2 na nusu. Mpokeaji wa bidhaa mwenye mizani na aipime rimu. Ikipungua sana, ama karatasi ni nyepesi kuliko ilivyoandikwa, ama hazikutimia.

Aidha, printa ya leza hugandisha wino wa unga kwa joto linaloweza kukaribia nyuzi 200 za Selsiasi. Karatasi ya picha iliyotengenezwa kwa printa za wino wa maji isitiwe humo, kwani utando wake huweza kuyeyuka na kuharibu mashine. Vilevile karatasi yenye pini isitumike kabisa.

Kuhifadhi

Visiwani petu hewa hujaa unyevu, hasa wakati wa masika. Karatasi huunyonya unyevu huo, na ipitapo penye joto hujikunja na kukwama. Kule Endabash shida ya kiangazi ni ukavu na vumbi. Ukavu huzaa umeme tuli unaoshikamanisha karatasi mbilimbili, nalo vumbi huzifanya roli za mpira ziteleze. Kinga ni moja kwa pande zote mbili: rimu ibaki ndani ya kifungashio chake hadi itakapohitajika, iwekwe rafuni wala si sakafuni, na trei isiachwe wazi.

Kupakia

(a) Pepeteni karatasi ili ziachane, kisha zigongeni mezani zilingane kingo.

(b) Msipite alama ya mwisho iliyomo ndani ya trei.

(c) Vibanio vya pembeni viziguse karatasi bila kuzibana. Vikilegea, karatasi huingia upande, vikibana, haiingii.

(d) Msichanganye karatasi za uzito au aina mbalimbali katika trei moja.

(e) Karatasi zikitoka zimejikunja, zipindueni zilizosalia treini, upande wa juu uwe chini.

Karatasi ikikwama, zimeni mashine, fungueni mlango wake na subirini ipoe. Ivuteni karatasi taratibu kwa mikono miwili, kwa kufuata mwendo wake wa kawaida. Ikichanika, tafuteni kila kipande, kwani kilichosahaulika ndicho kitakachoikwamisha inayofuata. Kisu na bisibisi visitumike.

Wakuu wa ofisi wanashauriwa kubandika maelezo haya karibu na printa na kumfundisha zaidi ya mtumishi mmoja, ili asiyekuwepo asiwe sababu ya kazi kulala. Mali ya umma ni amana, na wakati wa mwananchi ni amana vilevile.