Vilele saba vya Ngong viko mlangoni pa Uthiru

Asubuhi isiyo na mawingu, mkazi wa Uthiru akipanda juu ya ghorofa huviona vilima vya Ngong vimejipanga upande wa kusini-magharibi. Wapo waliovitazama hivyo tangu utotoni bila kuvikanyaga hata siku moja. Jumamosi huishia kwenye nyama choma na mpira wa runinga, na vilima vikaachiwa watalii.

Safari yenyewe haihitaji gari la kukodi. Matatu za Naivasha Road hupitia Kawangware hadi Dagoretti Corner. Hapo unapanda nambari 111 hadi mjini Ngong, kisha bodaboda inakufikisha kwenye lango la Shirika la Huduma za Misitu (KFS), ambako hulipwa ada ya kiingilio.

Utakachokutana nacho kwanza ni upepo. Mgongo huu umesimama peke yake kati ya tambarare za Athi na Bonde la Ufa, hivyo upepo wa mashariki haupati kizuizi hadi uugonge. Ndiyo maana mitambo ya kwanza ya kufua umeme wa upepo ilisimikwa hapa mwaka wa 1993. Leo kituo hicho cha kampuni ya umeme ya KenGen kina uwezo wa megawati 25.5, na mapanga yake huvuma juu ya vichwa vya ng'ombe na kondoo wanaolisha.

Baada ya mitambo, miguu ndiyo huanza kazi. Vilele ni saba, na kila unapodhani umemaliza, kingine kinakungoja baada ya mteremko. Kirefu kuliko vyote ni Lamwia, mita 2,460 juu ya usawa wa bahari.

Raha ya Ngong ni kutembea katikati ya nchi mbili. Kushoto kwako kuna miti ya Karen na maghorofa ya Nairobi. Kulia, ardhi inaporomoka hadi kwenye nyika kame ya migunga, na Mlima Suswa ukionekana kwa mbali. Vilima hivi ni mabaki ya volkano ya kale, ambayo upande wake wa magharibi ulididimia Bonde la Ufa lilipopasuka. Mawingu ya mashariki humwaga mvua upande wa jiji, unakoanzia Mto Mbagathi; upande wa pili hubaki na kiu.

Anayekamilisha vilele vyote hushukia Kona Baridi kwenye barabara ya Magadi, mwendo wa takriban kilomita 10, kisha hurejea kwa matatu kupitia Kiserian. Fika langoni mapema, vaa koti na viatu visivyoteleza, na uepuke siku za masika. Usitembee peke yako: wasafiri wamewahi kuporwa huku, kwa hivyo ulizia askari wa misitu wa kuwasindikiza. Maji yako yabebe kwa chupa ya kudumu, kwani plastiki za kutumika mara moja zilipigwa marufuku katika misitu na hifadhi tangu Juni 5, 2020.

Wageni huvuka bahari kuja kuviona vilima hivi. Wewe wa Uthiru unahitaji nauli, ada ya kiingilio na siku moja tu. Kusanya majirani, mpange Jumamosi moja, mwende.