Mawe Mawili ya Kupimia Joto la Angani

Kazi yangu ni kufunga madishi, Bariadi mjini na vijijini hadi Itilima na Maswa. Wateja huniuliza habari za chaneli. Mimi hupenda zaidi kinachobaki chaneli zikipotea: chenga.

Sehemu kubwa ya chenga hizo ni joto. Kila kitu, ukuta wa tofali, jani la mpamba, kiganja cha mkono, hutoa mawimbi ya redio yasiyo na mpangilio, na kadiri kinavyopata joto ndivyo kelele yake inavyozidi. John Johnson na Harry Nyquist wa Maabara za Bell, Marekani, walilieleza jambo hilo kwenye vipitishio vya umeme mwaka 1928. Maana yake ni kwamba ukiipima kelele, umepima joto bila kukigusa kitu chenyewe. Kifaa cha kazi hiyo ni radiometa.

Ya kwangu ni ile ya mshale, ya kutafutia setilaiti. Setilaiti ya nyuzi 36 mashariki iko karibu utosini kwetu, hivyo dishi lake hapa Bariadi hulala chali. Nikiligeuza kidogo likatazama anga tupu, mshale hushuka. Nikiziba LNB, kichwa cha dishi kinachopokea mawimbi, kwa kiganja, hupanda, kwa sababu mkono wangu una joto kuliko anga. Jua ndilo balaa. Kwa siku chache karibu na tarehe 21 Machi na 22 Septemba, hupita nyuma ya setilaiti hiyo muda mfupi baada ya saa sita mchana. Kelele yake huimeza picha, na wateja hunipigia simu wakidhani dishi limeharibika.

Lakini mshale wangu unajua kusema “imezidi” tu. Imezidi kwa nyuzi ngapi, haujui. Wakulima wa pamba wa mkoa wetu wa Simiyu hawahitaji kufundishwa tofauti hiyo. Mzani wa AMCOS, chama chao cha ushirika, unaaminika pale Wakala wa Vipimo wanapoupima kwa mawe ambayo uzito wake unajulikana, kisha wakaupitisha. Mzani ambao haukupitia hapo unaweza kusoma kilo zozote unazotaka.

Radiometa nayo ina mawe yake, tena mawili. La moto ni povu jeusi lenye kaboni linalomeza mawimbi, likiwa na joto la chumba, takriban kelvini 300. La baridi ni povu lilelile lililoloweshwa ndani ya nitrojeni ya kimiminika, kelvini 77. Tuseme povu la moto limetoa milivolti 800 na la baridi 354. Tofauti ya joto ni kelvini 223, ya usomaji ni milivolti 446. Basi kila kelvini ni milivolti 2. Lakini 800 ukigawa kwa 2 unapata kelvini 400, wakati povu lilikuwa na 300. Hizo 100 zilizozidi ni kelele ya kifaa chenyewe, na sasa tunaweza kuzitoa.

Hapo unaweza kuunganisha chanzo cha kelele usichokijua, kwa mfano diodi ndogo iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Ikisoma milivolti 1,000, ni kelvini 500. Toa 100, diodi hiyo ina kelvini 400. Tangu hapo nayo ni jiwe la kupimia, na unaweza kwenda nalo mahali pasipo na nitrojeni.

Na lazima uende nalo, kwa sababu kifaa hakitulii. LNB iliyo juu ya bati mchana hukuza mawimbi tofauti na ilivyokuwa asubuhi. Mwaka 1946 mwanafizikia Robert Dicke alieleza dawa yake: swichi inayohama haraka kati ya antena na chanzo cha joto linalojulikana, ili kifaa kisipate nafasi ya kupotoka. Wanasayansi Arno Penzias na Robert Wilson walitumia jiwe la heli ya kimiminika, karibu kelvini 4. Kwa kuwa waliliamini, mwaka 1965 waliweza kutangaza kwamba kelvini 3.5 zilizobaki kwenye antena yao zilitoka angani kweli. Yalikuwa mabaki ya joto la mwanzo wa ulimwengu.

Kwetu faida ya radiometa iko ardhini. Setilaiti ya SMAP ya NASA, iliyorushwa tarehe 31 Januari 2015, hupita kilomita 685 juu yetu na kusikiliza udongo kwa masafa ya gigahezi 1.41. Udongo mkavu wa wilaya ya Meatu husikika wenye joto zaidi. Ukilowa, hata usipopoa, hutoa mawimbi machache na kelele yake hushuka kwa makumi ya kelvini. Rada ya SMAP ilikufa Julai mwaka huohuo, lakini radiometa iliendelea na kazi. Ndani yake mna diodi ya kelele na rezista yenye joto linalojulikana, na mara kwa mara hugeuzwa itazame anga baridi. Lengo lililowekwa ni kosa lisizidi kelvini 1.3. Likizidi sana, ukame unaweza kuandikwa kuwa unyevu.

Haioni shamba moja, kwani doa lake lina upana wa kilomita 40 hivi. Kwa hiyo bwana shamba bado ana kazi ya kuchimba udongo na kuushika. Na mwalimu wa fizikia mwenye dishi lisilotumika stoo asilitupe. Aliunganishe na kipimo cha mshale, alielekeze ardhini, kisha anga tupu, wanafunzi waandike usomaji wa kila upande na kuchora mstari. Hawatapata jibu la NASA, ila watajua swali la kukiuliza kipimo chochote: kimelinganishwa na nini?