Baba Aliyerudi Baada ya Miaka 14

Mara nyingi wazazi hutuuliza kama michezo ya televisheni wanayoitazama vijana wao ina faida yo yote, au ni kelele na kicheko tu. Leo hatutalijibu swali hilo kwa jumla. Twataka kuwasimulia sehemu moja tu ya mchezo mmoja, isiyotimiza hata nusu saa, iliyoonyeshwa huko Marekani tarehe 9 Mei 1994. Tangu siku ile watu wameitazama tena na tena, hata vijana ambao mwaka ule walikuwa hawajazaliwa. Sisi wenyewe tumeitazama zaidi ya mara moja, na kila mara tumeondoka kimya.

Mchezo wenyewe waitwa The Fresh Prince of Bel-Air. Ulianza Septemba 1990, ukaisha Mei 1996, nao una sehemu 148. Ni mchezo wa kuchekesha. Kijana wa mchezo ni Will Smith, na mwigizaji wake alitumia jina lake mwenyewe. Will amelelewa na mama peke yake katika mitaa ya magharibi ya mji wa Philadelphia. Siku moja agombana na vijana wakorofi uwanjani, mama aingiwa na hofu, ampeleka mbali, upande wa pili wa nchi, kwenye mtaa wa matajiri wa Bel-Air katika Los Angeles. Huko atakaa kwa Vivian, ndugu wa mamaye, na mumewe Philip Banks, mwanasheria ambaye baadaye awa jaji. Wana watoto wao: Hilary, Carlton, Ashley, na baadaye kitinda mimba Nicky. Will ni mtani asiyechoka. Amcheka Carlton kwa ufupi wake, amcheka Phil kwa unene wake, na Phil humtisha kwa sauti kubwa kama ya ngurumo.

Yafaa tusimame hapa kidogo. Kwa Kiingereza Phil huitwa kwa neno lile lile waitwalo kaka wa mama, ndugu wa baba na mume wa shangazi. Wote wamewekwa katika kapu moja. Kwetu sivyo. Vivian akiwa ndugu wa mama mzazi, basi yeye ni mama, mkubwa au mdogo, na mumewe ni baba. Mtoto wa kwetu angalimwita baba tangu siku ya kwanza alipoweka mzigo wake mlangoni, wala asingeona ajabu. Will hakuwa na neno hilo. Alikula mezani kwa mtu yule, akagombezwa naye, akalipiwa na kutetewa naye, lakini lugha yake haikumpa jina la kumwita mtu wa namna hiyo. Twaona kwamba jambo hili lina uzito mkubwa katika habari yote inayofuata.

Basi katika mwaka wa nne wa mchezo, babaye Will, aitwaye Lou, atokea bila taarifa. Ni dereva wa malori ya safari za mbali. Alimwacha mkewe na mtoto miaka 14 iliyopita, Will akiwa bado mdogo sana. Katika miaka hiyo yote hakuandika barua, hakupiga simu. Sasa yuko mbele ya macho, amevaa vizuri, acheka, amkumbatia mwanawe. Waandishi wa mchezo hawakumfanya Lou mlevi wala mtu mkali, na hapo ndipo tunapowasifu. Ni mtu wa kupendeza, mwenye maneno laini, na ye yote angependa kukaa naye jioni moja. Asema kwamba wakati ule alikuwa kijana, aliuogopa mzigo. Huenda ni kweli.

Will asahau yote mara moja. Baba amwahidi kwamba watasafiri pamoja ndani ya lori majira yote ya kiangazi, nchi nzima, wao wawili tu. Phil akataa. Amemjua kijana huyu kwa miaka minne, naye aogopa kitakachompata. Vivian amsihi mumewe ampe Lou nafasi, kwa kuwa mtoto ana haki ya kumjua babaye. Hapo Will, kwa hasira, amwambia Phil neno ambalo wazazi wengi wa kambo na walezi wamelisikia: kwamba yeye si babaye. Phil hana la kujibu. Ni kweli, si babaye.

Tulipoitazama sehemu hii pamoja na wanafunzi kadhaa wa sekondari, mmoja wao aliuliza kwa nini Will hakumfukuza Lou pale pale. Mwingine, ambaye kwa kawaida si msemaji, akamjibu bila kuinua kichwa: kwa sababu alikuwa amemngoja. Hatukuongeza neno. Watu wazima hudhani kwamba mtoto aliyeachwa hujaa chuki. Wengi wao hawana chuki hata kidogo. Hutunga sababu za kumtetea yule asiyekuwepo, na ukali wao humwangukia yule aliyepo kila siku, anayeuliza habari za masomo na kuamuru taa zizimwe.

Siku ya safari ikafika. Lou aja nyumbani, lakini hakuja kumchukua Will. Amepata kazi nyingine, ataka kuondoka upesi, tena amwomba Phil ndiye ampe mtoto habari. Phil awaka. Amwambia kwamba mtoto si koti la kutundikwa kabatini na kuvaliwa siku mwenyewe atakapoona baridi. Kwamba maisha ya Will yaendelea, wala si kazi ya mtoto kumngojea baba, bali ni kazi ya baba kuwapo kwa ajili ya mtoto. Wakati huo huo Will aingia na mizigo yake, tayari kwa safari. Lou alazimika kusema mwenyewe. Atoa udhuru, aahidi kupiga simu wiki ijayo. Aaga akimwita Will mwanangu. Will amwitikia, lakini kwa jina lake tu, Lou. Hasemi baba.

Mlango wafungwa. Phil amwambia kijana kwamba kukasirika si kosa. Will asema hana hasira. Afadhali safari hii mzee ameaga. Tena ni bora hivi, maana ana mambo yake ya kufanya. Atania. Watu waliokuwa wakitazama mle studioni wacheka kidogo, kisha kicheko chafa. Kwa maana sauti ya Will yapanda, naye aanza kuhesabu: alijifunza kutupa mpira wa kikapu bila baba, alijifunza kuendesha gari bila baba, alijifunza kunyoa ndevu bila baba, alipita siku 14 za kuzaliwa bila kupata hata kadi moja. Atamaliza chuo bila yeye, atapata kazi nzuri, ataoa mke mwema, atazaa watoto wengi, naye atakuwa baba bora kuliko Lou; hakuna kitu mtu yule awezacho kumfundisha juu ya kuwapenda watoto. Apiga kelele karibu ya kulia. Kisha sauti yashuka ghafla, na mtoto wa miaka minne auliza kwa kinywa cha kijana mkubwa kwa nini babaye hamtaki.

Phil hajibu. Amvuta, amkumbatia. Kamera yateremka polepole mpaka kwenye zawadi ambayo Will alikuwa amemnunulia babaye: kisanamu cha mtu mzima na mtoto wake.

Wengi wamesimulia kwamba machozi yale yalikuwa ya kweli, kwa kuwa mwigizaji mwenyewe aliachwa na babaye. Habari hiyo si ya kweli. Babaye Will Smith alikuwapo. Alikuwa fundi wa mitambo ya baridi, mwenye biashara ya barafu, mtu wa amri kama askari. Aliwajengesha wanawe wawili ukuta wa matofali kwa miezi mingi, tofali juu ya tofali, ili wajue maana ya kazi. Lakini katika kitabu chake cha mwaka 2021 mwana huyo aliandika pia kwamba alipokuwa na miaka tisa alimwona babaye akimpiga mamaye, na kwamba hajasahau mpaka leo kuwa yeye alisimama tu. Mzee huyo alifariki mwaka 2016, akiuguzwa na mwana yule yule. Basi si baba aliyekwenda peke yake awezaye kumwachia mtoto jeraha. Wako wanaorudi nyumbani kila jioni, na watoto hutega sikio kusikia leo atafunga mlango kwa namna gani.

Ben Vereen, aliyemwigiza Lou, naye ana habari yake. Alilelewa tangu uchanga na wazazi wasiomzaa, wala hakujua jambo hilo mpaka alipokuwa mtu mzima, alipoomba pasi ya kusafiria. Na James Avery, aliyekuwa Phil, alikuwa mwigizaji aliyesoma sana kazi yake. Will Smith amesimulia kwamba mzee huyo alimhimiza bila huruma afanye vizuri zaidi, na walipokuwa wamekumbatiana vile, wakati kamera bado zikifanya kazi, alimnong'oneza sikioni kwamba sasa ameigiza kweli. Avery alifariki tarehe 31 Desemba 2013.

Mwaka 2022 mchezo huu uliandikwa upya, bila vichekesho vingi, kwa jina la Bel-Air, na Lou akarudi tena kwa sura nyingine. Humo alikuwa amekaa gerezani, na wakubwa walimficha mtoto habari hiyo. Sisi twapendelea ule wa kwanza. Gereza ni sababu ambayo mtoto aweza kuielewa. Lou wa mwaka 1994 hakufungwa na mtu.

Hakurudi tena katika mchezo ule. Zimepita sehemu nyingi za vicheko na mashaka, mpaka sehemu ya mwisho ya tarehe 20 Mei 1996. Nyumba imeuzwa, jamaa wahama, Will abaki California kumaliza masomo yake. Wamesimama wawili, yeye na Phil, katika nyumba iliyokwisha kuhamwa vyombo. Kijana ataka kushukuru, lakini maneno hayampati vizuri. Phil amkatiza, amwambia kwamba yeye Will ni mwanawe, na kwamba hakuna zaidi la kusema.

Will hakumkanusha.