Kufuata Vumbi Hewani kwa Njia ya Hesabu

Msomaji aliyewahi kupeleka mahindi mashineni ataukumbuka mtungi wa bati wenye umbo la pia, ncha ikielekea chini, uliofungwa juu ya mfuko wa unga. Feni husukuma hewa yenye unga na kuiingiza ubavuni mwa mtungi. Hewa huzunguka, unga hutupwa ukutani na kuteremka mfukoni, nayo hewa hutokea juu. Hata hivyo msagaji huwa mweupe tangu nywele hadi viatu. Jambo hili si la mzaha. Vumbi la nafaka laweza kuleta pumu, na likijaa hewani huweza kulipuka kwa cheche moja: tarehe 2 Mei, 1878, kinu cha Washburn huko Minneapolis, Marekani, kililipuka hivyo na watu 18 wakafa.

Kwa nini basi unga mwingine hukataa kuteremka? Mwaka 1851 George Stokes alionyesha kwamba ukinzani wa hewa juu ya chembe ndogo ya mviringo huongezeka sawasawa na kipenyo chake. Uzito, kwa upande wake, hufuata kipeo cha tatu cha kipenyo. Chembe yenye uzito wa mara moja na nusu ya maji na kipenyo cha sehemu 50 za elfu za milimita huanguka kama sentimita 11 kwa sekunde. Yenye sehemu 5 huanguka milimita 1 tu. Katika chumba kilichotulia, ya kwanza huteremka mita 2 kwa sekunde 18, ya pili huelea karibu nusu saa.

Ndani ya mtungi hewa huvurugika mno, na milinganyo yake haitatuliki kwa kalamu. Kwa hiyo programu ya kompyuta huugawa mtungi katika visanduku vingi vidogo, hukadiria kasi ya hewa katika kila kimoja, kisha huifuata kila chembe hatua kwa hatua.

Hapa ndipo penye mtego. Kila chembe ina muda wake wa kuitikia upepo. Kwa ile ndogo ni kama sekunde 0.000116. Tuseme hewa yaenda mita 16 kwa sekunde, na chembe imesimama. Katika kila hatua tunazidisha tofauti ya kasi kwa urefu wa hatua, tunagawa kwa muda wa kuitikia, kisha tunajumlisha na kasi ya chembe. Hatua ikiwa nusu ya muda huo, chembe hupata kasi ya 8, 12, 14, 15: ndivyo inavyostahili. Hatua ikiwa mara tatu yake, chembe huenda 48, kisha hurudi nyuma kwa 48, kisha hukimbia mbele kwa 144! Mimi mwenyewe, nikiwa mwanafunzi ng'ambo, nilipoteza siku kadhaa nikitafuta kosa katika milinganyo, kumbe kosa lilikuwa katika hatua.

Zipo njia zinazotumia kasi ya mwisho wa hatua badala ya ile ya mwanzo, nazo hazilipuki, ingawa hatua ndefu hupunguza usahihi. Tena vumbi likiwa zito, lenyewe huipunguza hewa mwendo, na hapo visanduku na chembe sharti vihesabiwe pamoja.

Mwanafunzi ajaribu kwa penseli hatua iliyo mara mbili kamili ya muda wa kuitikia, aone chembe itafanya nini.