Kabla Hamjamwaga Zege, Ijueni Ardhi Yenu

Mmekubaliana. Mwaka huu hakuna kubadilisha gari, hakuna mitoko ya kila wikiendi, mnanunua kiwanja. Dalali amewapeleka Jumamosi, upepo mwanana, mandhari bomba, bei ya kishikaji. Shemeji yetu tayari ameshaonyesha dirisha la chumbani litakapokaa. Swali ni moja tu: mmeiuliza ardhi yenyewe?

Rafiki yangu na mumewe hawakuuliza. Waliweka msingi wa kawaida juu ya udongo mweusi wa mbuga. Masika udongo ukavimba, kiangazi ukasinyaa, na ufa ukashuka sebuleni kutoka dirishani hadi sakafuni. Ufa wa pili ukawa kati yao. "Wewe ndiye uliyeng'ang'ania hapa!" "Na wewe ndiye uliyeharakisha fundi!" Mkopo wa benki bado wanaulipa.

Tetemeko si la Japani tu

Kama unadhani matetemeko ni mambo ya kwenye TV, waulize watu wa Bukoba. Jumamosi ya Septemba 10, 2016, saa tisa na nusu alasiri hivi, tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilipiga Kagera. Watu zaidi ya 15 walifariki na maelfu ya nyumba ziliharibika. Kabla ya hapo, Desemba 5, 2005, lingine la 6.8 lilitikisa Ziwa Tanganyika. Nchi yetu imepitiwa na Bonde la Ufa, kwa hiyo mtikisiko ni jirani yetu wa siku zote.

Hakuna mtaalamu anayeweza kukutajia siku litakapokuja. Kinachojulikana ni kwamba wengi huuawa na kuta na mapaa yanayowaangukia. Udongo laini hutikisika zaidi kuliko mwamba, na mchanga mlegevu uliojaa maji unaweza kulainika kama uji, nyumba ikazama au kuinama.

Mlima nao una yake. Desemba 3, 2023, tope na mawe vilishuka kutoka Mlima Hanang hadi Katesh na kuua makumi ya watu.

Fanyeni hivi kabla ya kulipa

1. Rudini siku ya mvua, bila dalali. Maji yanapita wapi? Yanatuama wapi?

2. Wasalimieni majirani, hasa wazee. Ulizeni kama palikuwa bwawa, shimo la mchanga au dampo. Angalieni kama nyumba zao zina nyufa.

3. Kama ni mlimani, tazameni miti iliyoinama na mipasuko ardhini. Hizo ni dalili kwamba mteremko unasogea.

4. Pimeni umbali kutoka mtoni, ziwani au baharini. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza ujenzi wa kudumu ndani ya mita 60.

5. Mwiteni mhandisi achimbe mashimo na kupeleka udongo maabara. Taarifa za miamba na matetemeko ya eneo lenu zipo kwenye Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania (GST), Dodoma.

Udongo ukiwa mbaya, si lazima mkimbie. Mhandisi anaweza kubadilisha msingi, kuondoa udongo mbovu au kuongeza nondo. Na popote mjengapo, msimruhusu fundi "kubana matumizi" kwenye nguzo na kwenye mkanda wa zege unaofunga kuta zote. Hivyo ndivyo vinavyoishika nyumba pamoja ardhi inapocheza.

Gharama ya kupima inauma, sikatai. Lakini ilinganisheni na kubomoa. Mlipochumbiana mlichunguzana kwanza, mkaulizia hadi ukoo. Kiwanja mtakachowalelea wanenu nacho kinastahili kuchunguzwa hivyo hivyo. Wikiendi hii acheni mtoko, vaeni raba, mkaikague ardhi yenu wawili. Atakayeona kasoro mapema asiitwe mkorofi, maana ndiye aliyewaokoa.